Hayo Wape Kuku? Maswali ya Wafugaji Kuhusu Vyakula na Mimea Yenye Sumu

Karibu kila nyumba yenye kuku ina kauli hii: "Hayo wape kuku." Husemwa juu ya mahindi yaliyoota kuvu, mkate wenye ukungu, maganda ya muhogo, dagaa waliovunda na maji ya kuoshea samaki. Wafugaji wengi huogopa majani ya porini, lakini kuku wengi waliowahi kufa kwa sumu niliowaona walipewa na watu wa nyumbani, kwa bakuli, kwa nia njema. Kwa hiyo majibu haya yanaanza jikoni na ghalani, kisha yanatoka nje kwenye ua.

Si kuku anajua mwenyewe kipi cha kula na kipi cha kuacha?

Anajua kwa kiasi. Kuku aliyekulia nje akifuatana na mama yake hudonoa jani geni mara moja, akilisikia chungu huliacha. Ndiyo maana unaweza kuwa na mnyonyo nyuma ya nyumba kwa miaka kumi na usione kuku aliyekufa kwa ajili yake.

Hali hubadilika kuku akiwa na njaa, akiwa amefungiwa asione jani siku nzima kisha akatupiwa rundo la chochote, au akiwa kifaranga asiye na mama wa kumfundisha. Na hubadilika zaidi tukimsagia. Kitu kikishakuwa unga na kuchanganywa na pumba, hawezi kukichagua wala kukitenga. Kuku ana vionjio vichache mdomoni, tena hatapiki kama mbwa. Akimeza, kinakaa kwenye gole, kinashuka kwenye firigisi, kinasagwa chote.

Mahindi yenye kuvu kidogo yana ubaya gani? Kuku si wanakula hata jalalani?

Hili ndilo swali ninaloomba ulisome hadi mwisho hata kama utaruka mengine yote.

Kuvu wa jamii ya Aspergillus huota kwenye mahindi, karanga, mashudu (mabaki ya mbegu zilizokamuliwa mafuta) na makopa (muhogo mkavu) yaliyohifadhiwa na unyevu. Kuvu hao hutengeneza sumu iitwayo aflatoksini, ambayo Tanzania tumezoea kuiita sumukuvu. Dunia iliijua kupitia ndege: mwaka 1960 huko Uingereza zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa kwa ugonjwa uliokosa jina, na chanzo kikaonekana kuwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili. Kwa binadamu tunayo mifano ya karibu. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 walifariki baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2016 msiba kama huo ulizikumba familia za Dodoma na Manyara.

Kuku ni mgumu kidogo kuliko bata na bata mzinga, na ugumu wake ndio unaotudanganya. Haanguki siku hiyo hiyo. Ini linaharibika polepole, utagaji unashuka, manyoya yanakuwa hovyo, vifaranga wanadumaa, na kinga ya mwili inapungua kiasi kwamba hata chanjo uliyolipia haishiki vizuri. Mfugaji anabadilisha dawa, anabadilisha banda, anamlaumu aliyemuuzia vifaranga, kumbe tatizo liko kwenye gunia. Nilipoanza kufuga, Morogoro, nilinunua pumba iliyolowa ukingoni mwa kiroba. Nikakata sehemu iliyoganda, iliyobaki nikawapa vifaranga. Walikuwa 30. Baada ya wiki tatu walikuwa 19, na hao 19 walionekana wadogo kuliko umri wao. Tangu siku ile sikati sehemu mbaya. Natupa kiroba kizima.

Kuchemsha au kukaanga hakusaidii, kwa sababu sumukuvu hustahimili joto la kupikia. Kupepeta na kuosha hupunguza tu. Tena kiasi fulani huingia kwenye maini na mayai ya kuku huyo, kwa hiyo kile ulichokikataa mezani kinakurudia mezani.

Kinga ni ukavu. Mahindi ya kuhifadhi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Kama huna kipimo, chukua chupa ya glasi iliyo kavu kabisa, weka mahindi yajaze theluthi moja, ongeza kijiko au viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika chache kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu zaidi ya asilimia 15: yarudishe juani. Chumvi ikibaki chini, weka kwenye magunia, magunia juu ya chaga, mbali na ukuta. Pumba na chakula kilichosagwa huharibika upesi kuliko punje, kwa hiyo saga cha wiki mbili au tatu, usisage cha msimu mzima.

Na ugali au uji uliochacha?

Kuchacha si kuota ukungu. Uji uliochacha kwa siku moja au mbili, wenye harufu ya togwa, hauna tatizo, na wapo wafugaji wanaolowesha chakula makusudi kichachuke. Ukiona nyuzi nyeupe, madoa ya kijani au meusi, au harufu ya uvundo, hicho ni chakula kingine kabisa. Mwaga.

Nina maganda mengi ya muhogo. Niwape?

Mabichi, hapana. Muhogo hubeba kemikali ambayo, tishu zikipondwa au kutafunwa, hutoa sianidi. Mihogo michungu inayo nyingi kuliko mitamu, na katika mmea mmoja ganda na majani huwa nayo zaidi ya nyama ya ndani. Kuku aliyekula nyingi kwa mkupuo huhema kwa shida, huyumba na kufa mapema mno kiasi kwamba hupati hata nafasi ya kuuliza.

Lakini muhogo ulioandaliwa vizuri ni chakula kizuri cha kuku, na kwa watu wa Pwani, Mtwara au Unguja ni wa bei nafuu kuliko mahindi. Kata vipande vyembamba au kwaruza, loweka au vundika siku tatu kama ni mchungu, kisha anika juani hadi vipande vivunjike kwa mlio. Kukauka taratibu juani huipa sumu muda wa kutoka. Moto mkali wa haraka huibakiza. Angalia makopa yasiwe na ukungu mweusi, la sivyo umekwepa sianidi ukakutana na sumukuvu. Mwisho, usimlishe kuku muhogo pekee. Protini yake ni ndogo, na mwili unahitaji viungo vya protini kumalizia sianidi inayobaki, ndiyo maana mchanganyiko wa muhogo na dagaa au soya huwa salama zaidi.

Kisamvu kilichotwangwa na kupikwa hadi kuiva, kidogo, hakina shida.

Nimesikia parachichi linaua kuku. Nikate mti?

Usikate. Kuku wengi wa Njombe na Rungwe wanajikuna vumbini chini ya miparachichi na wako hai.

Sumu yenyewe huitwa persini, na imo kwenye majani, gome, ganda na kokwa. Kwa ndege hushambulia misuli ya moyo: ndege huzubaa, hupumua kwa tabu, na shingo na kifua huweza kuvimba maji chini ya ngozi. Kasuku na ndege wadogo wa kufugwa ndani huathirika vibaya sana; kuku huvumilia zaidi, ila kuvumilia si kuwa salama. Hatari iko pale mwenye kibanda cha juisi anapokuletea ndoo ya maganda na makokwa, ukaimwaga bandani kwa kuku waliofungiwa. Kataa ndoo hiyo. Nyama iliyoiva ya tunda ina persini kidogo tu, lakini sioni sababu ya kumpa kuku kitu cha kubahatisha wakati papai lipo.

Maharage mabichi yaliyomwagika wakati wa kupura?

Maharage mabichi, hasa mekundu, yana lektini inayochubua utumbo. Kuku akidonoa punje mbili tatu uwanjani hutaona kitu. Usimwekee bakuli. Ukitaka kumpa, yalowekwe, kisha yachemke kwa nguvu angalau dakika 10. Moto mdogo wa kuyafukuta hauondoi sumu hiyo.

Soya mbichi ni jambo la pili. Haiui, lakini inazuia usagaji wa protini, kongosho linavimba na kuku hakui hata ukimlisha kwa wingi. Wanaochanganya chakula nyumbani hukosea hapa mara nyingi: wananunua soya nzuri, wanaisaga mbichi, wanashangaa. Ichemshe nusu saa uianike, au uikaange hadi harufu ya ubichi ipotee kabisa.

Mayai yangu yakikaa siku chache kiini kinakuwa cha kijani kibichi kilichofifia. Ni ugonjwa?

Uliza kwanza mashudu unayotumia. Kama uko Shinyanga, Simiyu au Mwanza na unatumia mashudu ya pamba, huenda jibu liko hapo. Mbegu ya pamba ina gosipoli, na hiyo hubadilisha rangi ya kiini kuelekea kijani cha zeituni yai likihifadhiwa. Mafuta ya mbegu hiyo hiyo huweza kufanya ute uwe wa waridi. Ikizidi, kuku hupungua uzito na kupunguza kutaga. Watengenezaji wa chakula huongeza madini ya chuma ili kuifunga gosipoli. Kwa mfugaji mdogo wa kuku wa mayai ushauri wangu ni mfupi: tumia mashudu ya alizeti, ya pamba waachie ng'ombe wakubwa.

Dagaa nao wana sumu?

Dagaa hawana, chumvi inayo. Dagaa wa Ziwa Victoria huanikwa bila chumvi. Dagaa wa baharini, wale wa Unguja na Tanga, mara nyingi huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Mtu akiwa na kanuni ya kuchanganya chakula aliyoipata Mwanza, akaitumia Tanga pamoja na chumvi yake ile ile, anazidisha bila kujua. Chumvi yote katika kilo 100 za chakula cha kuku isizidi nusu kilo.

Kuku aliyezidiwa chumvi hunywa maji kupita kiasi, kinyesi kinakuwa maji matupu, anadhoofika miguu, na vifaranga huvimba maji tumboni. Maji yakikauka siku ya joto, hali huwa mbaya maradufu. Waloweke dagaa wa chumvi, mwaga maji hayo, waanike upya. Na maji ya kuoshea samaki wa chumvi au ya kuchemshia dagaa yasiachwe kwenye sufuria uani: chumvi iliyo kwenye maji ya kunywa huua vifaranga upesi kuliko iliyo kwenye chakula.

Majani gani ya bustanini ni ya kuogopa?

Familia ya nyanya na viazi mviringo. Majani yake, mashina yake, nyanya mbichi za kijani, viazi vilivyogeuka kijani na machipukizi yake vina sumu iitwayo solanini. Nyanya iliyoiva haina neno. Viazi vilivyopikwa havina neno, ilimradi umeondoa sehemu za kijani kabla ya kupika, kwa kuwa solanini haiondoki kwa kuchemsha. Mnavu ni ndugu yao: vitunda vyake vya kijani ndivyo vya kuangalia.

Watu huchanganya hapa kati ya viazi mviringo na viazi vitamu. Matembele ni salama kabisa, wape. Mchicha, mlonge, sukuma wiki, majani ya kunde, vyote wape.

Lusina, mti wa malisho, inahitaji kiasi. Majani yake makavu yana protini nyingi na hukifanya kiini kiwe cha manjano nzito inayopendwa sokoni, lakini yana mimosini, inayodumaza na kushusha utagaji. Yasizidi kilo 5 katika kilo 100 za chakula.

Na mimea ya ua na mapambo?

Mnyonyo na mbono kaburi ndiyo ya kwanza. Mbegu za mnyonyo zina risini, mojawapo ya sumu kali zaidi zitokazo kwenye mimea. Kuku mzima aghalabu huzipita. Kinachonitia hofu ni mashudu yake, yanayobaki baada ya kukamua mafuta na kutumika kama mbolea: yanafanana na mashudu mengine, na risini hubaki kwenye mashudu, haiendi na mafuta. Ya mbono kaburi ni mabaya vivyo hivyo na sumu yake nyingine haiondoki hata kwa moto. Usinunue mashudu ambayo muuzaji hajui yametoka kwenye mbegu gani.

Olianda, ule mti wa maua ya waridi au meupe unaopandwa kando ya kuta za nyumba za mijini, una sumu ya moyo katika kila sehemu. Ukipogoa, usiwaachie kuku matawi wala usiyatandike bandani. Minyaa ya ua hutoa utomvu mweupe unaounguza macho, ya kuku na yako. Mnanaha, gugu lenye tunda la miiba, huingia shambani kimya kimya na mbegu zake nyeusi huvunwa pamoja na mtama au soya. Chekecha nafaka kabla ya kusaga. Majani ya tumbaku ambayo wengine huweka kwenye viota kufukuza utitiri yakae makavu, na maji yaliyolowekewa tumbaku yasikae mahali kuku anaweza kunywa. Nikotini haina masihara.

Vitunguu, majani ya chai, chokoleti, pilipili?

Kitunguu kidogo kwenye makombo sawa, rundo hapana, kwa sababu huharibu chembe nyekundu za damu. Chai, kahawa na chokoleti usimpe. Pilipili haimdhuru, ndege hawasikii ule ukali.

Machicha ya pombe?

Yakiwa mabichi ya siku hiyo, yamekamuliwa vizuri na kuchanganywa kidogo na pumba, yanafaa. Yakiachwa yaendelee kuchacha kuku hulewa kweli, huyumba na kuanguka, na yakikaa siku mbili kwenye joto huota kuvu. Machicha ya nazi nayo yape siku hiyo hiyo. Mafuta yake huvunda haraka.

Orodha nilizosoma zinataja rubabu, yuu, na maua nisiyoyajua. Nifanyeje?

Hizo zimeandikwa kwa ajili ya bustani za Ulaya na Marekani, na huko ni za kweli. Hapa kwetu zinachosha bure na kuficha yaliyo muhimu. Hazitaji makopa wala mashudu ya pamba.

Kuku wamekufa ghafla. Nitajuaje ni sumu au kideri?

Angalia mwendo wa vifo. Kideri, ugonjwa wa kuku wa kuambukiza, huja na kinyesi cha kijani, kukoroma, mabawa kulegea, shingo kupinda, na vifo huendelea siku kwa siku, mara nyingi na kwa majirani. Sumu hupiga kuku waliokula pamoja, ndani ya saa chache, wa jirani wakiwa salama. Kama hukuchanja, fikiria kideri kwanza. Chanjo ya I-2 ni tone moja la jicho kila baada ya miezi 3.

Ipo hali moja inayowachanganya hata wazoefu. Kuku anakuwa na shingo iliyolegea kama kamba, haikupinda, imelala tu chini, miguu na mabawa havina nguvu, macho yanaona. Hiyo ni botulizimu, sumu ya bakteria waishio kwenye mizoga. Funza waliolelewa kwenye mzoga huibeba sumu hiyo bila wao kudhurika, kuku akiwala anapooza. Ninyi mnaozalisha funza kwa ajili ya kuku, na ni kazi nzuri, tumieni samadi na mabaki ya mimea, kamwe si panya au kuku aliyekufa. Kuku yeyote aliyekufa azikwe siku hiyo.

Sumu za shambani je?

Hizi huua wengi kuliko mimea yote niliyoitaja. Mbegu za dukani hupakwa dawa na kutiwa rangi nyekundu, kijani au waridi ili mtu aone kwamba si chakula. Msimu wa kupanda kuku huzifukua mashimoni. Fungia kuku siku za kupanda hadi mahindi yaote, na mbegu iliyobaki usiioshe ukadhani imekuwa chakula. Mchwa na panzi waliokufa kwa dawa, nyanya zilizokataliwa sokoni zikiwa na dawa ya jana, panya aliyekula sumu: vyote kuku huvila kwa furaha. Dalili za dawa nyingi za wadudu ni mate kutiririka, machozi, kutetemeka, kuhema na kuharisha, vyote kwa pamoja.

Nifanye nini dakika hizo za kwanza?

Ondoa chakula chote, hata unachokiamini. Hamisha kuku mahali pengine penye kivuli, wape maji safi. Usimmiminie kuku dhaifu maziwa wala mafuta mdomoni. Mara nyingi huingia kwenye bomba la hewa na kummaliza. Mpigie afisa mifugo au daktari wa mifugo mwambie ulichokiona, walikula nini na saa ngapi, kwa sababu baadhi ya sumu za dawa za wadudu zina dawa yake akiwahi. Mkaa maalumu wa dawa unaweza kusaidia ukitolewa mapema na kwa maelekezo yake. Hifadhi kuku mmoja aliyekufa penye baridi, na kikombe cha chakula. Mara nyingi akipasuliwa gole tu jibu linaonekana: punje za rangi, mbegu, vipande vya majani.

Aliyekaribia kufa nimchinje tumle?

Usimchinje. Najua uchungu wa kupoteza kuku watano asubuhi moja, na najua watoto wanasubiri mboga. Sumu haitoki kwa kuchinja wala kwa kuchemsha, na mbwa naye asipewe. Chimba shimo refu. Mayai ya waliobaki yasiliwe hadi daktari aseme.

Sasa mahindi niliyoyachambua kwa ubovu niyapeleke wapi, kama si kwa kuku?

Si kwa mbwa, maana ini la mbwa huumia kwa sumukuvu kuliko hata la kuku. Si kwa mpika pombe, wala kwa mwenye mashine ya kusaga chakula cha mifugo, kwa sababu yatarudi kijijini kwa gunia lenye jina jingine. Yachome moto mbali na nyumba ukiwa upande upepo unakotoka, au yazike pamoja na majivu mahali kuku hawafukui. Kisha piga fagio sakafu ya ghala kabla ya kuingiza mavuno mapya, hata pembeni kule chini ya chaga.